Uwanja wa ndege ulinyamaza wote, mimi nikaendelea kuburuta begi. Je, nilikosea?

Muuguzi_Uluguru aliandika:

Wakuu, habari za jioni. Nina jambo limenikaa moyoni tangu Novemba mwaka jana. Nalileta hapa kwa sababu humu wamo watu wa safari, wamo walimu, na wamo ndugu zetu wanaoishi ughaibuni.

Nilikuwa nakwenda Uingereza kwa mara ya kwanza. Mdogo wangu kajifungua kule, nikaomba likizo kazini, nikafunga unga wa lishe na khanga za uzazi, nikaondoka. Nilitua London asubuhi ya tarehe 11 Novemba. Nilipomaliza mambo ya uhamiaji nikawa natafuta mahali pa kupanda basi la kwenda kwa mdogo wangu. Masikioni nimeweka spika, nasikiliza ujumbe wa sauti wa mama, ule wa dakika saba ambao ndani yake mna salamu, mna maagizo, na mna kuku aliyepotea.

Kumbe kulikuwa na tangazo la kukaa kimya dakika mbili, kuwakumbuka waliokufa vitani. Sikulisikia. Nikawa natembea na begi langu, magurudumu yake mabovu yanapiga kelele kwenye vigae, tra-tra-tra. Nilipoinua macho nikaona watu hawatembei. Mama mmoja ameshika kikombe cha kahawa, hanywi. Kijana wa duka la magazeti ameweka mikono nyuma. Mzee mmoja amevua kofia, kifuani ana ua jekundu la karatasi, ananitazama. Hakunikasirikia. Alinitazama tu. Nilisimama palepale, nadhani zilibaki kama sekunde ishirini, kisha tarumbeta ikalia kwenye vipaza sauti na watu wakaendelea na safari zao kama vile hakuna kilichotokea.

Niliona aibu kubwa. Mimi ni muuguzi, ninajua kunyamaza mbele ya kifo. Wodini kwetu mgonjwa akifariki hata mfagizi husimamisha fagio lake.

Lakini ndani ya basi likanijia wazo la pili. Kwetu milimani Uluguru, babu yake bibi yangu alichukuliwa kubeba mizigo katika vita ile ya kwanza ya Wazungu. Hakurudi. Hana kaburi. Ukimuuliza bibi ni Wazungu gani waliomchukua, Wajerumani au Waingereza, anasema, "Wazungu." Sasa nikajiuliza: zile dakika mbili ni zake pia? Au nilikuwa nasimamia wafu wa watu wengine, na wa kwangu hayumo?

Naomba mnijuze mambo mawili. Utaratibu wenyewe ukoje kwa msafiri, maana Novemba hii nakwenda tena. Na la pili, je, inafaa mtu kama mimi asimame?

Ughaibuni_Kitambo aliandika:

Dada, pole, na usijilaumu. Mimi nafanya kazi uwanja wa ndege huku, nasukuma viti vya magurudumu vya wazee na wagonjwa. Mwaka wangu wa kwanza nilifanya kosa hilohilo, tena nikiwa na abiria kwenye kiti.

Utaratibu ni mwepisi. Saa tano kamili asubuhi ya tarehe 11 Novemba, na tena Jumapili ya pili ya mwezi huo, wanakaa kimya dakika mbili. Tarehe 11 saa tano ndipo silaha ziliponyamaza huko Ulaya mwaka 1918. Kwenye uwanja tunaofanyia kazi sisi hutolewa tangazo kabla, kisha muziki wa madukani unazimwa. Wewe simama pale ulipo. Begi liache wima. Toa spika masikioni. Simu usiielekeze kwenye nyuso za watu kuwarekodi, hilo linawaumiza kuliko hata kutembea. Mkono kifuani si lazima, saluti ni ya wanajeshi. Mwisho usipige makofi.

Mimi ninapokuwa na mzee kwenye kiti, nafunga breki, halafu natoka nyuma yake na kusimama pembeni, bega kwa bega naye. Nilifundishwa na abiria mmoja bibi kizee. Aliniambia hataki kusimamiwa nyuma kama mzigo wakati anamkumbuka kaka yake.

Mtoto akilia, mbebe, mtulize, hakuna atakayekununia. Na kama mlango wa ndege yako unafungwa, nenda, tembea polepole tu. Ndege iliyo angani haiwezi kungoja, na yule anayekagua mizigo kwenye mashine haachi macho yake. Wanaelewa hilo. Lile ua jekundu ni la mchango kwa wanajeshi wa zamani na familia zao. Kuvaa ni hiari.

Ukipata nafasi ukiwa London, pita kituo cha treni cha Paddington, jukwaa namba 1. Kuna sanamu ya askari aliyevaa koti zito la baridi, kainamisha kichwa, anasoma barua ya nyumbani. Imekuwepo tangu 1922. Ni ya wafanyakazi wa reli ile waliokufa vitani, zaidi ya 2,500. Abiria wanapita mbele yake na mikate yao mkononi. Mimi nilipoiona mara ya kwanza nilimkumbuka mama, maana hata mimi barua zake nilikuwa nazisoma nikiwa nimesimama stesheni hivyohivyo.

Binti_wa_Delta aliandika:

Niongezee kidogo kwa upande wa Uholanzi, nasoma huku. Wao siku yao ni tarehe 4 Mei, saa mbili kamili usiku, dakika mbili. Nilikuwa kwenye treni. Kondakta akatangaza kwa Kiholanzi, treni ikapunguza mwendo, ikasimama katikati ya mashamba, hakuna kituo, hakuna nyumba. Nilidhani ni hitilafu. Nikamgeukia jirani nimuulize, nikakuta kafumba macho.

Kilichonigusa ni kwamba nje kulikuwa bado na mwanga, mwezi wa tano jua lao linachelewa kuzama, na ng'ombe walikuwa wanatembea. Wao tu ndio waliokuwa wanasogea. Treni ikaondoka, na mtu wa kwanza kusema kitu alisema kwa sauti ya chini.

Kwa msafiri: siku hiyo jioni ukiwa barabarani na magari yakaanza kusogea pembeni, na wewe sogea.

Kijana_wa_Gerezani aliandika:

Mimi nitasema tofauti, na sisemi kwa kejeli. Nina hasira kweli. Wao walikufa wakaandikiwa majina kwenye mawe meupe, kila mtu na jiwe lake. Wa kwetu walifia vichakani na mizigo kichwani, hawakuandikwa popote. Mtoa mada, babu wa bibi yako hakuwa na ugomvi na mtu yeyote Ulaya. Alitolewa shambani. Halafu leo mjukuu wa mjukuu wake anaona aibu kwa sababu begi lake lilipiga kelele watu wakiwa kimya? Aibu ni yao. Mimi ningetembea.

Mwalimu_Mstaafu aliandika:

Nimefundisha historia miaka thelathini na mitatu, niruhusuni niseme kwa urefu.

Kijana wa Gerezani, hasira yako ina msingi, na nitakuongezea sababu ya kuwa nayo. Katika vita ile Waingereza peke yao waliandikisha wapagazi wanaokaribia au kuzidi milioni moja Afrika Mashariki na nchi za jirani, wengi wao kwa nguvu. Hesabu zao wenyewe zilikiri vifo zaidi ya 40,000, na wanahistoria wanaona idadi halisi ilikaribia 100,000. Wachache sana waliuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, nimonia, na njaa. Unga wa mahindi ulipikwa nusunusu kwa sababu kuni zimelowa na muda hakuna, ukawakata matumbo. Mzigo ulikuwa kilo ishirini na tano na zaidi, kichwani, kwenye matope ya Rufiji. Mishahara ya maelfu waliokufa haikuwafikia ndugu zao. Wajerumani nao walikuwa na wapagazi wao, na hao wameandikwa hata kidogo kuliko hawa. Kwa hiyo dada, bibi yako anapojibu "Wazungu" anajibu sawasawa. Uluguru ilishikwa na Wajerumani mpaka Agosti 1916, Waingereza walipoingia Morogoro. Mtu wa kijiji kimoja aliweza kubebeshwa mizigo na hawa, kisha na wale.

Kuhusu majina. Tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti Aprili 2021 na kuomba radhi. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba huenda idadi ikafika 350,000. Kuhusu makaburi ya wapagazi ya Dar es Salaam na kwingineko, serikali ya Tanganyika ya miaka ya 1920 iliona yaachwe yarudi porini haraka iwezekanavyo. Niliposoma hayo nilifunga kitabu nikatoka nje. Nimepita Kariakoo maisha yangu yote, jina lenyewe limetokana na kikosi cha wapagazi kwa Kiingereza, *Carrier Corps*, na Nairobi wana Kariokor yao. Soko tunalo. Makaburi hatuna.

Sasa nitakuja kwenye jambo ambalo watu wengi hawalijui, na ndilo linalojibu swali la mtoa mada.

Tarehe 11 Novemba 1918, saa tano asubuhi, Ulaya imenyamaza. Huku kwetu hakukunyamaza. Jeshi la Wajerumani la von Lettow-Vorbeck lilikuwa limeingia kaskazini mwa Zambia ya leo, upande wa Kasama, na Waingereza wanalifukuza. Habari ya kusimamisha vita ilikuwa haijawafikia. Iliwafikia siku mbili tatu baadaye, na silaha zilikabidhiwa Mbala, wakati huo ikiitwa Abercorn, tarehe 25 Novemba. Hesabuni wenyewe. Katika dakika zilezile mbili ambazo dunia inazinyamazia kila mwaka, wapagazi wetu walikuwa wametwishwa, wanatembea.

Ndiyo maana, dada, mimi sioni kuwa begi lako lilivunja heshima. Lakini nakushauri usimame, na usimame kwa ajili yake yule aliyekuwa bado anatembea. Hakuna tangazo linalokuambia umkumbuke nani.

Na tujue pia kwamba desturi hii yenyewe ilizaliwa barani kwetu. Cape Town, Mei 1918, mzinga wa mchana ulipolia mji ulisimama kila siku, tramu zikasimama, watu wakavua kofia. Percy FitzPatrick, mwandishi na mwanasiasa wa Afrika Kusini aliyempoteza mwanawe vitani, ndiye aliyelipeleka wazo London, na Mfalme George wa Tano akatangaza Novemba 1919 kwamba kwa dakika mbili kila chombo cha safari kisimame. Kusimamisha safari ndiyo ilikuwa maana yenyewe tangu mwanzo. Kukumbwa na ukimya huo ukiwa na begi mkononi si ajali.

Kijana_wa_Gerezani aliandika:

Shikamoo mwalimu. Hilo la Kasama sikulijua. Napita sanamu ya Askari pale Posta kila siku asubuhi nikienda kazini, na sijawahi kushuka kwenye daladala kusoma maandishi yake.

Mwalimu_Mstaafu aliandika:

Marahaba mwanangu. Shuka siku moja. Iliwekwa 1927. Maandishi yapo kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, Kiswahili chenyewe kwa herufi za Kirumi na za Kiarabu. Yanawataja wapagazi kuwa walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Pale Dar aliyechongwa ni askari na bunduki yake. Nairobi ndipo mpagazi naye amesimamishwa juu ya jiwe.

Baharia_wa_Likoni aliandika:

Salaam aleikum nyote. Mimi ni baharia, mtu wa Mombasa, niko kwenye meli za mizigo. Nimesoma huu uzi nikiwa bandarini na nimeshindwa kuupita.

Kwetu ni vita vya pili. Kaka yake nyanya yangu alikuwa mpiga mizinga katika jeshi la Afrika Mashariki. Februari 1944 walipandishwa meli ya Khedive Ismail pale Kilindini, kwenda Colombo, kisha Burma. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani ikaipiga. Ilizama kwa dakika mbili tatu tu. Walikufa karibu watu 1,300, wengi wao vijana wa kikosi cha mizinga kutoka huku kwetu. Dada muuguzi, nakwambia na hili kwa kuwa ni la kazi yako: walikuwamo wanawake pia, wauguzi wa jeshi wakiwa miongoni mwao, na wanawake 77 hawakuokoka.

Nyanya alikuwa akisema walingoja barua hadi mahindi yakavunwa mara mbili. Majina ya wapiga mizinga wale yameandikwa kwenye makaburi ya vita ya Ngong Road, Nairobi. La kwake nililikuta, nikaliwekea kidole.

Meli yetu hukata maji yale. Mara ya kwanza nilimwendea nahodha, ni Mfilipino, nikamweleza. Hakunipa hotuba. Aliniambia nimjulishe tukikaribia. Tulipokaribia akaniruhusu niondoke zamu, nikasimama nyuma kwenye reli, nikasoma Fatiha. Injini haikuzimwa, meli ya mizigo haizimwi hivyo. Lakini fundi mitambo wawili, mmoja Mhindi na mmoja wa Ukraine, walipanda juu wakasimama nami bila kuitwa. Wala hawajui Fatiha.

Nasema hivi kwa sababu najua kuna Waislamu humu wanaojiuliza. Mimi wanaponyamaza wao, huomba dua moyoni. Sijawahi kuhisi nimefanya ibada ya mtu mwingine.

Muuguzi_Uluguru aliandika:

Nimechelewa kurudi, nilikuwa zamu za usiku. Nimesoma kila neno. Mwalimu, hilo la saa tano nimelisoma nikiwa nimekaa kwenye stoo ya dawa, na nikalazimika kubaki humo kidogo. Baharia, Mungu awarehemu wote, na wale wauguzi nimewaandika kwenye daftari langu la kazi.

Jumamosi nilipanda kwa bibi. Kutoka mjini ni pikipiki, kisha miguu. Nilimkuta anapembua maharage. Nikamwambia nataka jina la babu yake, yule aliyebeba mizigo. Aliniuliza mara mbili kwa nini. Nikamweleza kuhusu uwanja wa ndege, kuhusu watu waliosimama na kahawa mikononi, na kwamba nimeambiwa naweza kumsimamia yeye.

Aliacha ungo. Akanitajia jina, na jina la mama yake huyo babu, kwa sababu kwetu mtu ni wa ukoo wa mama. Akasema yeye hakumwona, aliyemwona ni baba yake akiwa mtoto wa miaka mitano hivi. Alichokumbuka baba yake ni kwamba walikuja wakati wa palizi, na jembe likabaki shambani mvua nzima, hakuna aliyetaka kulitoa, hadi mpini ukaoza. Walisema akirudi atalitafuta pale alipoliacha.

Jina nabaki nalo mwenyewe, mniwie radhi. Sasa ninalo.

Kisha bibi akaniuliza kitu ambacho sikukitegemea: "Mkisimama huko, mnaelekea wapi?" Nikamwambia kila mtu alivyo, hakuna upande. Akatikisa kichwa. Kwake mtu huwezi kumtaja marehemu ukiwa umeupa mgongo upande aliokufia.

Tiketi nimekata ya kuondoka tarehe 10 usiku, natua asubuhi ya tarehe 11, uwanja ule wa mwaka jana. Ughaibuni Kitambo, nimekutumia jina la uwanja inboksi. Naomba unisaidie kitu kimoja. Mtu akiwa pale kwenye ukumbi wa wanaofika, kusini mashariki ni upande gani?

Ughaibuni_Kitambo aliandika:

Dada, ndipo ninapofanyia kazi. Leo nilipomaliza zamu nilisimama pale na dira ya simu, nikarudia mara tatu kuhakikisha. Ukitoka kwenye milango ya forodha, nenda mpaka nguzo ya pili. Duka la kahawa liwe mgongoni kwako, na lifti ziwe mkono wako wa kushoto. Utakuwa unatazama mlango mkubwa wa vioo. Tarehe 11 niko zamu ya asubuhi.